Posa ya Tisa

Siku hizo kampuni hazikutangaza kazi. Zilipeleka posa kwa wazazi wa wahitimu, na aliyekubali alihamia huko, akirudi kwao Idi kwa Idi. Bi Zuhura, aliyechoka kupokea washenga, alimtazama huyu wa tisa, wa chuma, aliyeketi mkekani.

"Salha mwanangu, wasemaje? Ukimkataa, nimrudishe alikotoka."

Salha, aliyehitimu juzi, aliinama, machozi yakamdondoka mapajani, asitamke neno.

"Mwali akinyamaza, amekubali," alisema mshenga kwa adabu.

"Huoni analia, bwana?"

"Sheria haikutaja machozi, mama. Mfungie nguo zake."

Bi Zuhura alifunua kinywa apinge, akakumbuka kuwa naye aliozwa kwa kimya kama hicho. Akainuka taratibu kwenda kufunga nguo.