Kona ya Michongoma

Kombo alikuwa amebakiza kufyeka kona moja tu ya ua wa michongoma, mafundi wapate kujenga ukuta. Dada yake, Sikudhani, akamshika mkono wenye panga.

"Hebu tazama ndani kwanza."

Katikati ya miiba, chiriku mdogo mwenye kifua cha manjano aliruka kutoka kiotani. Watu hufukia nywele zinazobaki kwenye kitana. Lakini marehemu mama yao alikuwa akizitundika zake hapa miibani, akisema ndege nao wana watoto wa kulaza. Kiota kilikuwa kimetandikwa mvi.

"Za mama," Kombo akasema, akaliweka panga chini.

"Ndizo za mwisho."

Chiriku akarudi, akatua juu ya mwiba, akawatazama. Sikudhani akavua mtandio, akafumua nywele zake taratibu, akaanza kuzichana kwa vidole.