Vidonge kwenye Koleo la Chapati

Sadrudin alikinyanyua kikasha cha vidonge kwa koleo la chapati, akakishika mbali na uso kama mtu aliyeokota panya mfu, akakitupa kwenye ndoo ya taka. Kisha akatema mate kwenye sinki.

"Uchafu," alisema. "Uchafu mtupu, ndani ya nyumba yangu."

Nishma alikuwa mezani, chai imempoa. Miaka miwili sasa anaishi kama mwanamke, na baba yake hajawahi kulitamka jina lake jipya hata mara moja. Kila Jumapili huja kwa baba, mtaani Queensbury, wakala chakula, wakazungumzia mvua. Leo kasahau kufunga mkoba, vidonge vikaonekana, basi balaa.

"Ni homoni tu, Baba. Wanawake wengi wanameza."

"Umevitoa wapi?"

"Mtandaoni. Foleni ya kliniki ni miaka."

"Kuna vya asili, kuna na hivi vya kutengenezwa. Nawe ukachagua hivi."

Mzee alivijua, maana aliendesha duka la dawa pale kona miaka thelathini. Alilifunga mwaka ule ule mkewe, Nurjehan, alipoanguka bafuni asiamke tena.

Macho ya mzee yakashuka miguuni. Leo Nishma alivaa sketi, mara ya kwanza katika nyumba hii, na mguu wa kushoto kaunyoosha juu ya kigoda kwa sababu shavu la mguu lilimuuma tangu Alhamisi. Baba aliukodolea macho, midomo kaipinda kama anayenusa mtaro. Nishma akaivuta sketi chini.

"Unanionea kinyaa. Sema tu."

"Kinyaa naona," alijibu mzee, akapanda ghorofani.

Droo zilivutwa na kubamizwa. Labda anatafuta picha zake za utotoni azichane, aliwaza Nishma. Akafuta machozi, akachukua koti. Safari hii harudi tena, baba azungumzie mvua na ukuta.

Sadrudin alishuka na ufunguo wa gari.

"Nishma," alisema. "Twende hospitali, sasa hivi. Mama yako naye alianza na mguu, damu ikaganda."

Akaweka mezani kikasha cha zamani kilichofifia, cha vidonge vilevile. Kilibandikwa lebo ya duka la pale kona, imeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe: *Nurjehan. Kimoja kila usiku.*