Nyundo ya Mhunzi wa Naitiri

Festus, karani wa elimu, alifika Naitiri kwa baiskeli kutoka Kitale, miguu imekufa ganzi. Shule ya ufundi ya serikali ilikuwa tayari, lakini haikuwa na mwalimu wa kufua chuma. Wahunzi watatu walikuwa wamemkatalia. Huyu mzee, mhunzi wa Naitiri, akikataa pia, darasa halitafunguliwa.

"Nyundo ni ya ukoo wetu," mzee alisema. "Mtu wa nje akiishika, mkono unakauka. Si unajua?"

"Hayo ni ya zamani, mzee wangu. Watoto wa watu hawatadhurika."

Mzee akacheka. "Kitendawili!"

"Tega," Festus akajibu kwa uchovu.

"Nina bawabu wangu, anaingiza watu wote, mwenyewe haingii."

"Nimeshindwa."

"Ni wewe, karani. Haya, shika wewe kwanza, ndipo nitawafundisha hao wengine."

Akamnyooshea nyundo. Mpini ulikuwa umebonyea pale vidole vya babu zake vilipokaa miaka yote. Festus alikumbuka mama yake, alivyokuwa akimvuta sikio asisogee kila walipopita karibu na moto wa mhunzi.

Alifungua kifungo cha shati la serikali, akakunja mkono wa shati taratibu, akapangusa jasho la kiganja kwenye suruali.