Linux Mpya ya Mwalimu Shivachi

"Fungua kalkuleta," Nekoye aliiambia kompyuta, akabonyeza mausi, kisha akatoka kwenda kununua omena. Aliporudi, dirisha lake kwenye kioo lilikuwa limefunguka nusu.

"Mwalimu, hii programu mpya ya Linux ni mzigo," alilalamika. "Ile ya kitambo ukiiambia kitu, inafanya saa hiyo hiyo."

Mwalimu Shivachi, mwenye chuo hicho cha kompyuta, alijua. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Linux ya zamani ilikuwa maandishi meupe juu ya weusi, basi. Kisha akaona toleo jipya kwenye gazeti la kompyuta, madirisha yana vivuli, nyuma mawingu, kwenye kona pengwini, na tamaa ikamshika. Wikendi hiyo hiyo fundi wake, Obonyo, akaibadilisha. Huyu Obonyo alikuwa ameandika ukutani majina ya baa na makanisa yote ya mtaa wa Kisumu Ndogo kabla ya kuingia kwenye kompyuta.

Tangu hapo, balaa. Programu zilijikokota. Herufi S ilitokea imegeuka. Kalkuleta iliapa kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Wanafunzi wakaanza kuhamia chuo kimoja huko Kongo, Kawangware, ambako walisema kompyuta hazisinzii. Na alasiri hiyo Bwana Musau wa shirika la wafadhili alikuwa anakuja kuona kama chuo kinafaa kusaidiwa. Angekuta uzembe huu, Shivachi angefunga mlango na kurudi kuchoma mahindi barabarani.

"Obonyo!"

"Niko kwa kompyuta, Mwalimu!" sauti ikaitika kutoka nyuma ya mashine. Mwaka huo wa tisini na tisa kompyuta zilikuwa bado kubwa, na hii ilijaza pembe nzima ya chumba.

"Shida ni gani?"

"Ni vivuli. Kila dirisha linataka chake, na kila kivuli kinakula time."

"Toa vivuli."

"Na mawingu?"

"Toa pia. Wacha pengwini, huyo ndiye Linux mwenyewe."

Ikawa afadhali. Shivachi akaizima ipumzike kidogo, akapeleka chai na mandazi kule nyuma, akaiwasha tena. Safari hii kalkuleta ilifunguka kabla Nekoye hajafunga mdomo. Msichana aliruka kwa furaha.

Bwana Musau alipoingia, stima zikapotea mtaa mzima. Redio za majirani zikanyamaza. Kompyuta ikaendelea kama kawaida.

"Hii yetu haijuangi mambo ya stima," Nekoye akajigamba.

Mgeni alishangaa, akaketi, akavuta kibodi.

"Tuna sheria moja," Shivachi alimwambia, jasho likimtoka. "Kila herufi ukiibonyeza, itaje kwa sauti. Inasaidia kukariri."

"M," akasema Musau. "U. S. A. U."

Jina likatokea jekundu, limenona, lina mikia ya kupendeza. S ilitazama upande wake. Musau akaomba ukurasa wa barua, akaupata. Akauliza saba mara nane. Shivachi alifumba macho, akasali kimoyomoyo, na alipofumbua, hamsini na sita ilikuwa pale kwenye kioo.

"Hata ofisini kwetu hatuna maandishi mazuri hivi," Musau alisema, akasimama kumpa mkono. "Mwalimu, kama mnafanya haya na mashine moja kuukuu, mnastahili zaidi. Jumatatu nawaletea kompyuta kumi."

Darasa likalipuka kwa vigelegele. Shivachi alilia waziwazi, hakuona haya. Chuo kimepona! Musau akarudi kwenye kibodi ili ahadi yake iandikwe kabisa, kila mtu aisome.

"K," akasema. "O. M. P."

Kioo kilibaki vilevile. Akarudia. Hakukutokea kitu.

"Imehang," Nekoye akanong'ona.

Kioo kikasukumwa kutoka ndani, na Obonyo akatoa kichwa, brashi sikioni, rangi nyekundu kidevuni.

"Kumi, Mwalimu?" akauliza. "Hii moja tu imenivunja mgongo. Hizo zingine ataingia nani?"