Mzazi Hakosei

"Dunia imeharibika kwa sababu watoto wanajibu!" Nyundo alipiga meza, na kikombe cha maji ya moto kikaruka.

Fundi mitambo, binti mpole aliyekaa upande wa pili wa kioo, alipunguza sauti kidogo. Ni yeye aliyemletea Nyundo maji yale bila kuombwa, maana alimsikia akikohoa ngazini.

Nyundo lilikuwa jina lake la redioni. Kwa miaka mingi alikuwa amechambua siasa kila asubuhi, na katika uchambuzi wake jambo la zamani lilikuwa zuri na jambo jipya halikukosa walakini. Suruali za kubana, wanafunzi wenye maswali, wanaume wanaobeba watoto mgongoni: wote aliwatwanga. Sasa aligombea ubunge. Kura zilikuwa kesho, na hiki kilikuwa kipindi chake cha mwisho. Watu walisema ameshapita, kilichobaki ni kuchagua tai.

"Sera yangu ni moja," alinguruma. "Mzazi hakosei! Mzazi akisema, mtoto ananyamaza. Nikiingia bungeni, hiyo ndiyo sheria yangu ya kwanza. Haya, pigeni simu, anayebisha abishe!"

Fundi aliinua kidole: yupo mtu. Sauti ya mwanamke ikaingia, nzito, kana kwamba anaongea kutoka ndani ya blanketi.

"Hujambo, mheshimiwa?"

"Sijambo, mama. Mheshimiwa bado, lakini nanusa!" Akacheka peke yake.

"Hicho kiti kinalia. Kaa vizuri."

Nyundo akakaa vizuri, kisha akajishangaa.

"Mimi nabisha," mama aliendelea. "Wazazi tunakosea. Mama mkwe wangu alinikataa tangu siku ya harusi. Alipougua, nani alimlisha kwa kijiko? Mimi huyu huyu."

"Hakukosea, mama! Alikuwa anakupima."

"Miaka yote ile?"

"Kipimo kizuri hakina haraka."

Fundi mitambo alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Kumbe," alisema mama. "Kwa hiyo na mimi sikosei?"

"Hata wewe."

"Hata nikisema juu ya mwanangu mwenyewe?"

"Hasa juu ya mwanao! Nani amjue kuliko wewe uliyemzaa?"

"Basi nisaidie, baba. Mwanangu kuna kazi kubwa anaitaka, na watu wako tayari kumpa. Mimi sitaki. Si kwamba ni mbaya. Ana mdomo kama tarumbeta, lakini moyo wake ni pamba. Mchana kutwa anawasema ombaomba, halafu akikutana na mmoja njiani anamvulia koti. Hajui kukataa. Akiingia kati ya wale wakubwa, watamtumia kupangusia meza kama kitambaa cha jikoni, kisha lawama wamwachie yeye. Nimemwambia, hasikii."

"Hasikii?" Nyundo alisimama nusu. Hapa ndipo alipopapenda. "Mnaona? Mnaona ninachosema kila siku? Mama mzima anazungumza, mtoto anaziba masikio! Wanaotaka kumpa kazi hiyo ni kina nani?"

"Wengi. Nadhani wanakusikiliza sasa hivi."

"Vizuri sana!" Aliusogeza mdomo karibu na kipaza sauti mpaka taa za mitambo zikawaka nyekundu. "Ndugu zangu, kama kuna mtu yeyote huko anayefikiria kumpa kazi huyu bwana, nasema asimpe! Mama yake amekataa, na mama hakosei! Mkimpa, msije kunililia mimi. Umeridhika, mama?"

"Nimeridhika. Rudia vizuri, wasije wakasema hawakusikia."

"Msimpe!" alinguruma Nyundo.

"Asante," ilisema sauti. Ikasikika nguo ikiondolewa kwenye simu, na maneno yaliyofuata yalitoka wazi na laini. "Sasa zima hiyo redio yako uje ule, mwanangu. Nimekufunikia chakula."

Nyundo alisimama wima, mikono ubavuni.

"Ndiyo, mama," alisema, na jimbo zima likamsikia.