Wa Juu au wa Chini

Mpira wa pili ulimvunja Nyange mbavu, na mwamuzi hakusema neno, maana besiboli ya enzi hizo haikumpa fidia mpigaji aliyegongwa. Alihitaji pigo moja tu ili amalize msimu akiwa mpigaji bora wa ligi nzima.

"Sema basi, bwana mkubwa," Shebuge, mrushaji, alimdhihaki kutoka katikati ya uwanja. "Unautaka wa juu au wa chini?"

Ndiyo ilikuwa desturi: mpigaji huchagua, mrushaji hutii. Wa chini Nyange angeupiga hata usingizini, lakini sasa hakuweza kuinama. Wa juu ungemjia usoni, na wote wawili walilijua hilo.

"Nenda nyumbani, kaka," mdakaji wa timu ya Shebuge, aliyechutama nyuma yake, alimnong'oneza. "Huyu anataka kukuua."

Nyange alitema damu. "Wa juu," alisema.

Mpira ulimjia jichoni. Hakusogeza mguu. Alizungusha gongo kwa nguvu zote, mbavu zikasagana, na mpira ukarudi ulikotoka, ukampasua Shebuge mdomo na kumwangusha kifudifudi.

Lakini pigo halihesabiwi mpaka mpigaji afike kituo cha kwanza kabla wapinzani hawajaufikisha mpira hapo. Nyange akatupa gongo akakimbia upandeupande, ameshika ubavu. Alipotupa jicho, alimwona Shebuge akipapasa nyasi zilizolowa damu, akiupata mpira, akipiga goti, akiinua mkono aurushe kituoni.