Saa za Wageni

Sheria ilikuwa hiyo: nyumba ikishatangazwa ya kihistoria, mwenyewe hafungui mdomo wageni wakiwa ndani. Bi Nyamizi, aliyeijenga kwa mikono yake, alikaa jikoni kwake akisaga meno huku Kasuka, mtembeza wageni, akibwabwaja.

“Mwanzilishi huyu wa kijiji hakujaliwa mtoto,” alisema Kasuka.

Mwongo mkubwa! Binti yake Mbula, aliyezaliwa chumba cha pili, yule pale kati ya wageni. Siku hizi haruhusiwi kumwona mama yake ila kwa ziara. Kila uongo huo uliposemwa, Mbula alimkonyeza, na roho ya mama ikatulia kidogo.

Leo Mbula hakumkonyeza; aliyaitikia maneno ya Kasuka kwa kichwa. Kisha akamgeukia Kasuka.

“Samahani, kaka, choo kiko wapi hapa?”